Kauli ya Mzikaji

Haya nimeyapata kwa Sizya mwenyewe, Jumamosi moja baada ya mvua za vuli kukatika, tumekaa barazani kwangu tunachambua choroko. Alianza kusema jua la saa nne, akamaliza choroko zimekwisha na vidole vyake bado vinachambua sinia tupu. Sikumkatiza. Nayaweka kama alivyoyatoa, ila pale alipotukana nimepunguza kidogo.

Siku hiyo Sizya alifika maktaba ya Kwamgole mlango ndiyo kwanza unafunguliwa. Alijitanda kanga mpya, maana alijua anakwenda kuchukua karatasi tu na kurudi. Mama yake, Bi Nyanzala, alikuwa na miaka tisini na pumzi za kudokoa. Mganga wa zahanati alishamwambia Sizya pembeni, ahesabu siku, asihesabu wiki. Na Bi Nyanzala alikuwa na ombi moja tu ulimwenguni: azikwe ubavuni mwa baba yake, Kapela Maganga, kwenye makaburi ya Kambi ya Tatu, katikati ya lile shamba la zamani la mkonge.

Zamani ungechukua jembe ukaenda. Siku hizi hakuna. Shamba zima limetandikwa vioo vya kuvuna jua, vimeyazunguka makaburi pande zote, yamebaki kama kiraka kwenye shuka. Ili mtu alazwe pale lazima awe na shina, yaani karatasi inayoonyesha kwamba ametokana na mmoja wa waliolala mle. Na shina halitolewi na binadamu. Linatolewa na Msomaji.

Msomaji ni mashine ya pale maktabani. Walimlisha makaratasi yote ya wilaya, kadi za manamba, wale vibarua wa mkonge, vitabu vya ubatizo, orodha za posho, barua zilizokosa mwenyewe, akayasoma yote na kuwaunganisha wafu na wazima. Unaweka kidole kwenye bamba, anakutajia wazee wako. Mwaka wa kwanza watu walilia kwa furaha. Sizya aliwahi kumsindikiza jirani yake, mzee wa mvi, akamwona anabubujikwa na machozi kwa kupewa jina la bibi yake aliyekuwa hamjui. Kwa hiyo alipopeleka alama ya kidole cha mama yake hakuwa na wasiwasi hata chembe.

Karatasi ikatoka. Sizya akaisoma kwa kusimama, kisha akakaa.

*Nyanzala, mzaliwa wa Kambi ya Tatu. Mama: Kabula binti Nkwabi. Baba: Mndolwa Semgaya, mchimba makaburi.* Na chini yake: *Kapela Maganga, mkata mkonge. Hana uzao.*

"Mhina!" Sauti yake iligonga dari. "Mtani! Hebu njoo uone mdudu wako alichoandika!"

Mhina ndiye mtunza nyaraka, mwanamume wa miaka sitini na moja, Mzigua, miwani imefungwa uzi. Huyo Mndolwa aliyetajwa kwenye karatasi ni babu yake mzaa baba. Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na nyumba hizi mbili zilikuwa zimetaniana vizazi vitatu bila kuchoka. Lakini asubuhi ile Mhina hakujibu kwa matusi kama kawaida. Aliweka kidole mdomoni, akaonyesha kitundu cha shaba juu ya meza, kisha mlango.

"Nje," alinong'ona.

Walipofika barazani ndipo alipopumua. "Mle ndani sitanii tena. Ile mashine ina masikio. Mwezi uliopita kaja mzee mmoja, Mnyamwezi mwenzako, mpagazi, nikamuuliza, mke wangu hajambo huko nyumbani, unamlisha? Kesho yake shina langu lina mke wa pili."

"Na wa kwanza akalisoma?"

"Nimelala kwa dada yangu siku nne."

Siku nyingine Sizya angecheka mpaka ajishike mbavu. Alimsukumia karatasi kifuani. Mhina aliisoma, akaisoma tena, na ulimi wake, kwa mazoea tu, ukamtangulia. "Kumbe sisi ndugu. Ndiyo maana nakuonaga una dalili za akili."

"Mhina. Mama yangu anakufa."

Akakunja karatasi taratibu. "Ngoja nikalete daftari lenyewe," alisema.

*

Lilikuwa daftari refu, jembamba, jalada la kitambaa lililoliwa na mende pembeni. *Mazishi, Kambi ya Tatu.* Mhina alilifungua juu ya meza ya chumba cha nyuma, akavaa glavu, na kumpa Sizya nyingine. Wino ulikuwa umegeuka rangi ya chai.

Karani aliyeliandika alitoka mbali, ng'ambo ya ziwa, na mila za huku hazijui. Mkubwa wa shamba alimpa amri moja: mtu akifa, mwulize aliyemzika, andika asemacho, apige dole gumba. Sasa wewe fikiria. Manamba walitoka Tabora na kwingineko peke yao, ndugu wako mwendo wa siku nyingi. Akifa Mnyamwezi, nani amzike? Mtani wake, Mzigua. Ndiyo kazi ya mtani, kufa na kuzikana. Kwa hiyo kila Mnyamwezi aliyefia kambini, mzikaji ni yule yule, Mndolwa, na kila kauli ina dole gumba lake, jeusi, pana kama jani la mkwaju lililokanyagwa.

Mhina akafika mwaka hamsini na nane. Akasoma kwa sauti ya chini.

"Marehemu Kapela Maganga, homa. Kwa kauli ya mzikaji Mndolwa: marehemu hakuwa na mke wala mtoto, nani angemtaka? Mwanamke anayelia pale ni mke wangu mimi, ananililia mimi nimechoka kuchimba. Huyo mtoto mgongoni ni wangu, mwangalieni pua. Kofia ya marehemu naichukua, alikuwa hana kichwa cha kuivalia."

Sizya akacheka. Alisema kicheko kilimtoka bila ruhusa, kwa sababu alimwona kabisa, yule mzee asiyewahi kumwona, amesimama kwenye kifusi, amevaa kofia ya maiti, anamchokoza mjane mpaka mjane anamrushia udongo. Hivyo ndivyo mtani anavyofanya msibani. Ndiyo dawa yake.

Kisha kicheko kikakatika, na nyuma yake ikaja hasira ambayo, alisema, hakuijua kama anayo.

"Kaandika yote. Huyu karani mjinga kaandika yote!"

"Aliambiwa aandike."

"Na yule mdudu kasoma yote kama Msahafu."

Alikuwa ameshasimama. Mhina alimshika kanga, kanga ikabaki mkononi mwake.

*

"Karibu tena, ndugu mwombaji," alisema Msomaji. Sauti yake ni ya kike, laini, kama ya mwalimu anayependa watoto. "Nikusaidie nini?"

"Shina la mama yangu si kweli."

"Pole. Shina la Nyanzala limejengwa juu ya kauli ya daraja la kwanza: imeandikwa siku ya tukio, na karani wa kazi, na ina alama ya dole gumba. Una kauli ya daraja la juu zaidi?"

"Ile kauli ni utani! Unajua utani wewe?"

"Ninaujua. Utani ni desturi ya mizaha baina ya makabila au koo. Katika ukurasa huu sioni alama yoyote ya mzaha."

"Ulitaka karani achore meno?"

"Samahani, sijaelewa swali."

Sizya alipiga meza. Mwanamke aliyekuwa akisoma gazeti kule mwisho akakusanya vitu vyake, akahama. "Bibi yangu Kabula alilala na Kapela, akazaa na Kapela, akamlilia Kapela. Mama amekua anaambiwa hivyo. Mimi nimekua naambiwa hivyo. Wewe umeambiwa na nani?"

"Na Mndolwa Semgaya," alisema Msomaji. "Lakini una haki ya pingamizi. Nyanzala mwenyewe, kwa sauti yake, anaweza kumtaja baba mwingine, na hiyo itakuwa kutamka kwamba kauli ilikuwa mzaha. Yeye alikuwepo siku ile, ijapokuwa mgongoni. Nitaipokea."

Sizya alishusha pumzi. Mhina naye, nyuma yake.

"Kabla hujachukua kinasa sauti, sheria inanitaka nikueleze matokeo. Pingamizi likipita, maana yake mzikaji Mndolwa alikuwa na desturi ya kusema yasiyo kweli mbele ya karani. Sitaweza kuchagua lini alisema kweli na lini hakusema. Kauli zake zote zitashuka hadi daraja la mwisho. Mazishi yaliyothibitishwa kwa kauli yake ni mia mbili na kumi na saba kati ya mia mbili na thelathini na nne. Waliotokana nao watapoteza shina. Makaburi yaliyobaki hayatafikia idadi ya kulindwa, na eneo litarudi kwenye mpango wa ardhi."

"Mpango gani?" Sizya aliuliza, ijapokuwa dirishani vioo vilikuwa vinammetea machoni.

"Vioo," alisema Mhina.

"Sahihi," alisema Msomaji. "Na pingamizi lisipowasilishwa ndani ya siku tatu, au Nyanzala akifariki kabla, shina linafungwa kama lilivyo. Katika hali hiyo ana haki ya kuzikwa Kambi ya Tatu, mstari wa tisa, karibu na baba yake Mndolwa Semgaya."

Mstari wa tisa. Kapela yuko mstari wa pili, kwenye ukingo. Sizya amewahi kuzipima: ni hatua arobaini.

"Na wewe," alisema Sizya, sasa kwa sauti ndogo, hiyo ndogo inayotisha kuliko kubwa. "Baba yako nani?"

"Mimi sina shina, ndugu mwombaji."

"Ndiyo maana."

*

Kinasa sauti chenyewe ni kidude kama kiberiti, chenye kitufe chekundu; ukikibonyeza, Msomaji anakusikia na kukujibu popote ulipo. Sizya alikibeba kwenye pindo la kanga njia nzima, Mhina yuko nyuma na daftari amelifunga kwenye mfuko wa karatasi, jambo ambalo lilikuwa limekatazwa, nyaraka haitoki maktabani. Wakaikaribia nyumba.

"Utamwambia?" Mhina aliuliza.

"Nimwambie nini?"

"Hao mia mbili na kumi na saba."

Sizya alikuwa amepanga njia nzima. Angemwekea mama kile kidude mdomoni, amwambie, mama, sema wewe ni binti wa nani, basi. Maneno matatu. Mama angekufa na jina la baba yake na asijue kitu. Wale wengine wangekuja kuwa dhambi ya Sizya, na Sizya alikuwa na nafasi ya dhambi bado, alijiona mgongo anao.

"Miongoni mwao yumo mzee wa yule jirani yako," alisema Mhina. "Aliyelia."

"Nyamaza, Mhina."

Bi Nyanzala alikuwa kitandani chumba cha mbele, ameegemezwa mito mitatu, dirisha wazi. Mwili ulikuwa umekwisha, ulimi ulikuwa bado mzima. Mhina alipoinama mlangoni alianza kama alivyoanza siku zote.

"Hodi! Bado hujafa tu? Jembe langu linaota kutu."

"Nife nikuachie kanga zangu, mwizi wewe?" Bi Nyanzala alivuta pumzi katikati ya tusi, akamalizia. "Nitazikwa nazo zote. Utazika sanduku la nguo."

"Basi nitazika sanduku, wewe nikutupe."

Kizee kikacheka kikakohoa. Sizya alisimama pale mlangoni, akawatazama wale wawili, na ile mipango yake ya njiani ikamwishia. Alisema, "Nisingeweza. Si kwa wema. Mama angeniona usoni tu." Akakaa ukingoni mwa kitanda, akamweleza yote. Karani, kofia, Msomaji, makaburi, vioo. Hakuruka kitu.

Inzi alitembea kwenye shuka, hakuna aliyemfukuza.

"Kwa nini umeniambia?" alisema Bi Nyanzala mwishowe.

"Mama..."

"Nimekuuliza. Kwa nini umeniambia? Ungeniacha nife mjinga. Mtu akifikisha miaka tisini ana haki ya kufa mjinga!" Mkono wake, mwembamba kama ufito, ukapiga shuka. "Nimeomba kitu kimoja. Sikuomba jeneza la vioo, sikuomba ng'ombe. Nimeomba kulala na baba yangu. Leo mnaniletea maiti mia mbili kitandani mwangu mniambie chagua!"

"Hatukukuletea sisi, Bi Nyanzala," alisema Mhina.

"Wewe usinene! Babu yako na domo lake! Domo lile lile unalo wewe. Alishindwa nini kufunga mdomo siku moja? Mwenzake yuko shimoni, yeye anachezesha watu!" Na hapo akamtukana tusi ambalo Sizya hakunipa, na mimi nisingeliandika. Halikuwa la utani. Linajulikana tu, la utani lina mlango wa kutokea, lile halikuwa nao.

Mhina alilipokea amesimama. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa.

"Nikusomee?" alisema.

"Unisomee nini?"

"Hao watu. Kama utawafukuza, uwajue. Kama utawaacha, uwajue pia."

Sizya alitaka kumtoa nje. Lakini mama yake alifumba macho na kuinua kidevu kidogo, kama mtu anayemwambia kinyozi anza.

*

Mhina alisoma tangu saa tano. Alisoma bila kupamba, jina, kazi, ugonjwa, kauli. Sizya alikuwa akiinuka kumpa mama uji kijiko kimoja kimoja, akikaa tena. Bi Nyanzala aliishi kambini mpaka akaolewa, kwa hiyo wengine aliwakumbuka kwa kuwasikia kwa mama yake, na wengine kwa macho.

"Mihayo Kasanda, mashine ya kusokota. Kwa kauli ya mzikaji Mndolwa: ana mke Urambo, jina lake Wande, na watoto wawili, wa kiume Lugola, wa kike hajapata jina. Apelekewe habari."

"Mkono ulinaswa," alisema Bi Nyanzala, macho kafumba. "Mama alisimulia. Endelea."

"Nkinga Shija, kifua. Kwa kauli ya mzikaji Mndolwa: mama yake yu hai, kijiji cha Usoke, kipofu. Aambiwe polepole."

"Endelea."

"Jina halijulikani, aliitwa Mrefu. Kwa kauli ya mzikaji Mndolwa: alisema siku moja kwao kuna mto wenye mawe mekundu. Hakusema zaidi. Nimemzika kichwa kikitazama huko alikokuwa akitazama."

Mhina akafunua kurasa mbele, akarudi nyuma, akafunua tena. Sizya alimwona uso unabadilika.

"Nini?"

"Subirini." Alikuwa anahesabu kwa kidole. "Mizaha. Nimeshapita mazishi zaidi ya mia, mizaha ni minne tu. Na kila penye mzaha pana mtu. Mke anayelia. Kaka aliyefika na gari moshi. Angalieni huyu, anamwambia kaka wa marehemu, umechelewa, nimeshamrithi mkeo. Penye mtu, babu alitania. Pasipo na mtu..." Akafunua ukurasa mwingine. "Pasipo na mtu hakutania hata mara moja. Amewasemea. Kila anachokijua amekisema, ili karani aandike."



"Utamtania nani, kama hakuna wa kukurushia udongo?" Bi Nyanzala alisema polepole. "Kumbe mimi nilitaniwa kwa kuwa nilikuwepo."

"Ndiyo hivyo! Huo ndio ushahidi!" Sizya aliruka. "Mhina, mpelekee yule mdudu. Mwambie ahesabu. Si anajua kuhesabu?"

Mhina alibonyeza kidude, akaeleza yote, vizuri, kwa Kiswahili cha ofisini. Sauti ya mwalimu mpole ikatoka ndogo kwenye kile kiberiti.

"Asante kwa uchambuzi wako. Kwa hiyo unathibitisha kwamba baadhi ya kauli za Mndolwa Semgaya zilikuwa mzaha. Je, niandikishe pingamizi?"

"Hapana!" Mhina alikizima kama anayeua nge.

Sizya aliniambia hapo ndipo alipotaka kuvunja kitu. Akatoka uani, akachukua mchi, akapiga kinu kitupu mara tatu, nne, mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. Ukweli walikuwa nao. Walikuwa nao mikononi, umeandikwa, una dole gumba. Na kila mlango waliokwenda kuugonga nao uliwafungukia kaburi la mtu mwingine. Akarudi ndani.

"Mama, sema jina la baba yako," alisema. "Sema. Wale wengine hatuwajui. Wana watu wao, wakapigane wenyewe. Mrefu hana hata mtu! Nani atakuja kumwuliza Mrefu?"

"Ndiyo hivyo, hana mtu," alisema Bi Nyanzala.

"Basi!"

"Basi nini? Unafikiri wakimwekea kioo juu ya kifua atalalamika kwa nani?" Alikuwa bado na hasira, Sizya anasema, hasira haikumwacha mpaka mwisho, ila ilikuwa imegeuza uso, inatazama kwingine. "Lete hicho kidude."

"Mama."

"Lete, nimesema! Kabla pumzi haijaniacha nikafungiwa shina kama mbuzi. Nikifungwa, nijifunge mwenyewe."

Mhina alimshikia karibu na mdomo. Taa nyekundu ikawaka.

"Nyanzala," alisema Msomaji, "unataka kuwasilisha pingamizi?"

"Sina pingamizi. Andika. Andika vizuri, mwizi wa majina wewe. Baba yangu ni Mndolwa." Alivuta pumzi. "Umesikia au nirudie?"

"Nimesikia. Kauli ya mhusika imepokelewa. Shina limefungwa. Asante."

Taa ikazimika. Ilikuwa kitu kidogo namna hiyo.

Mhina alikuwa amekaa, daftari mapajani. Tangu ajue kusema hakuwahi kuingia mle bila tusi wala kutoka bila tusi, na Sizya alimwona anatafuta jingine, midomo imeshaanza kukaa mkao wake, la kumchangamsha kizee, la kumtoa pale. Halafu likamfia mdomoni. Maana mtoto wa Mndolwa ni dada wa baba yake. Shangazi hataniwi. Shangazi anaheshimiwa, na siku yake ikifika Mhina atakuwa mfiwa, atakaa kwenye mkeka na kulia, na jembe atalishika mtu mwingine.

Akainuka. Akainama, mikono yote miwili mbele.

"Shikamoo, shangazi," alisema.

Bi Nyanzala alimtazama mtani wake kwa muda. Machozi yalimtoka hapo, si kabla, na yalikuwa ya ghadhabu.

"Marahaba," alisema. Akageuzia uso ukutani.

*

Walimpa maji. Akanywa mafunda mawili, akauliza kama kuku wamerudi, akalala. Pumzi zilikuwa fupi lakini zinafuatana. Mhina alisema ataondoka, akakaa kidogo kungoja jua lipungue, kichwa kikaanguka kifuani, akalala pale pale kwenye kigoda, miwani inaning'inia na uzi wake.

Sizya alichukua daftari. Alikuwa hajafumba jicho tangu juzi. Akalifungua, akafuata mizaha ya Mndolwa mmoja mmoja mpaka mwisho wa kitabu. Wa mama yake aliuacha. Ilibaki tisa. Tisa ambao watoto wao hawajafika maktabani bado, na watafika, kila mmoja na kanga mpya au shati lililopigwa pasi, na kila mmoja atasoma karatasi yake na kupiga meza. Na mmoja tu akisema ule ni utani, ukweli mtupu, daftari lote linaanguka, na mama yake atakuwa amelikana jina la baba yake bure.

Alinyofoa karatasi ya kalenda ya mwaka uliopita, akaandika nyuma yake majina tisa. Ilibidi awaendee. Abishe hodi kwa watu asiowajua, awaambie, nimekuja kuwaomba mseme uwongo juu ya baba zenu. Wangemfukuza. Yeye mwenyewe angemfukuza mtu wa namna hiyo. Akapanga kwa umbali, wa karibu kwanza, kesho asubuhi, akatia mstari chini ya la kwanza kwa nguvu mpaka kalamu ikatoboa.

Jua lilikuwa bado liko dirishani. Alijilaza kwenye mkeka chini, kando ya kitanda cha mama yake, hivyo hivyo, hakujifunika, taya zimekazwa, kile kikaratasi kiko ngumini. Alidhani hasira haitamwachia usingizi. Ikamwachia.